KUTAFUTA FAILI KWA TAREHE YAKE: MANENO KWA MAKATIBU WA MATAWI



Katika mwezi wa Machi 2023 wenzetu 19 wa idara ya kukausha majani, katika kiwanda kimoja cha chai ambacho hatutakitaja hapa, walifanya zamu za usiku wasilipwe saa za ziada. Mambo yakaendelea hivyo hivyo Aprili na Mei. Shauri lilipofika mbele ya afisa wa kazi wa wilaya, mwezi wa Septemba, upande wa mwajiri ulisema neno moja tu: kwamba orodha za mahudhurio zilizoletwa na chama zilitungwa baada ya ugomvi kuanza. Afisa akatugeukia akatuuliza, "Mnaweza kuonyesha ziliandikwa lini?" Tukajibu kwamba tunaweza. Tulipotoka nje tulitazamana, maana hapakuwa na hata mmoja aliyejua namna ya kuonyesha.

Kompyuta ya tawi letu ni kuukuu, nayo inatumia mfumo wa Linux kwa sababu mfumo huo hauna malipo. Ndani yake mlikuwa na faili za makatibu wote waliopita. Mlikuwa na "mahudhurio mpya", na "mahudhurio mpya 2", na "mahudhurio ya mwisho", na "mahudhurio ya mwisho kabisa", na kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba ya kwake ndiyo ya mwisho. Jioni mbili tulikaa tukifungua faili moja baada ya nyingine. Tulipofunga, programu ilituuliza kama tunataka kuhifadhi mabadiliko, nasi tukabonyeza ndiyo, kwa adabu tu, kama mtu anayeitikia hodi. Kwa adabu hiyo orodha ya Aprili na orodha ya Mei zikaandikwa upya tarehe ya jioni ile ya Septemba. Ushahidi tuliokuwa tukiutafuta tuliufuta kwa mikono yetu wenyewe.

Jioni ya tatu alikuja binti wa mwanachama mwenzetu, anayesomea ufundi wa kompyuta, kumletea baba yake chakula. Akasimama nyuma yetu kidogo, kisha akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Naomba msihifadhi tena hata moja. Hebu tuiulize mashine yenyewe." Haya tunayoyaeleza hapa ndiyo aliyotufundisha, pamoja na mengine tuliyojifunza baadaye kwa kukosea. Sisi tunaoandika tuliishia darasa la saba, kwa hiyo asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya wasomi.

Kwanza yafaa kuelewa tarehe ya faili ni kitu gani. Kila faili ikiwekwa ndani ya mashine, mashine huandika pembeni saa na siku, kama karani wa mzani anavyoandika kilo za kila mchumaji. Lakini haiandiki tarehe moja. Katika Linux ziko tatu ambazo ni lazima kuzijua. Moja ni ya kuandikwa, yaani mara ya mwisho yaliyomo ndani ya faili yalipobadilishwa. Hiyo ndiyo tunayoitaka karibu siku zote. Ya pili ni ya kusomwa, nayo haifai kutegemewa, maana mashine nyingi siku hizi haziandiki kila usomaji ili zisichoke bure. Ya tatu ni ya kubadilika kwa hali ya faili, kwa mfano jina lake au ruhusa zake. Hii ya tatu huwadanganya wengi, kwa kuwa alama yake ni herufi c, nao hudhani ni tarehe ya kuzaliwa kwa faili. Siyo. Tarehe ya kuzaliwa huwekwa mahali pengine katika mifumo mipya, na katika mifumo ya zamani haipo kabisa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kompyuta ina dirisha jeusi ambalo ndani yake hakuna picha wala vitufe, ni maandishi tu. Katika Linux ya aina ya Ubuntu hufunguliwa kwa kubonyeza pamoja Ctrl, Alt na T. Humo mtu huandika amri, akabonyeza Enter, na mashine hujibu. Amri ya kutafuta inaitwa find, nayo ni ya zamani. Ilianza katika mfumo wa Unix huko Marekani miaka ya 1970, na mpaka leo iko katika karibu kila mashine ya Linux. Tuliandika hivi:

find ~/Kumbukumbu -type f -newermt 2023-03-01 ! -newermt 2023-04-01

Tuisome polepole. Alama ~ maana yake ni nyumbani kwa mtumiaji, na Kumbukumbu ni folda ya tawi letu. Maneno -type f yanasema tunataka faili tu, tusiletewe folda. Neno -newermt linasema: iliyoandikwa baada ya tarehe hii. Alama ya mshangao inakanusha. Basi amri nzima ni kama kumwambia karani, "Niletee kila kilichoandikwa baada ya Machi kuanza, lakini kisiwe kimeandikwa baada ya Aprili kuanza." Hapo hubaki Machi peke yake. Tarehe ikiandikwa bila saa, mashine huihesabu kuwa saa sita usiku siku hiyo inapoanza, na ndiyo sababu mwisho tunaandika 2023-04-01, si 2023-03-31. Ukiandika 31, siku nzima ya tarehe 31 inakukimbia, na wafanyakazi tunajua siku ya mwisho wa mwezi ina mambo gani.

Mpangilio ni mwaka, mwezi, siku, kwa vistari. Msiandike 03/04/2023 kama tulivyozoea kwenye barua, kwa sababu sisi tunasoma hiyo ni tarehe 3 Aprili na mashine inasoma kwa Kimarekani, ikapata tarehe 4 Machi. Haitasema kwamba haikuelewa. Itakuletea faili za siku nyingine na wewe utaamini. Tena angalieni nafasi: alama ya mshangao iwe na nafasi mbele na nyuma yake, na kistari kishikane na neno lake. Nusu ya makosa yetu ya kwanza yalikuwa nafasi.

Iko njia nyingine, ya kuhesabu siku kurudi nyuma kutoka sasa:

find ~/Kumbukumbu -type f -mtime -7

Hii huleta faili zilizoandikwa katika siku 7 zilizopita. Ukiweka alama ya kujumlisha mahali pa kistari unapata za zamani kuliko hapo. Inafaa kwa kazi ya haraka, mathalani katibu anataka kujua nini kilichapwa tangu mkutano uliopita. Lakini siku ya mashine hapa si siku ya kalenda. Ni saa 24 kamili kutoka dakika unayobonyeza Enter, na kipande cha siku hutupwa. Ukiuliza -mtime -1 leo Jumatatu saa nne asubuhi, utapata za tangu jana Jumapili saa nne asubuhi; iliyoandikwa jana saa mbili haimo. Na ukiuliza +1, ukidhani utapata kila kilichopita siku moja, utapata vilivyotimiza siku mbili kamili au zaidi. Katikati pana shimo la siku nzima. Nyapara akihesabu siku zetu namna hiyo tungegoma. Kwa hiyo katika shauri lolote tumieni tarehe zilizoandikwa wazi, na hesabu ya siku muiache kwa kazi za nyumbani. Mkitaka za leo tu, tangu saa sita usiku, andikeni -daystart -mtime 0.

Turudi kwenye kisa chetu. Machi katika folda ya Kumbukumbu haikuleta kitu. Mwakilishi wa zamu ya usiku alikumbuka vizuri kwamba orodha aliichapa mwenyewe wakati wa mapumziko, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 1 Aprili, yapata saa saba na nusu. Basi tukatafuta nyumba nzima, si folda moja, tukaomba majedwali tu, ambayo kwetu majina yake huishia na .ods:

find ~ -type f -iname '*.ods' -newermt 2023-04-01 ! -newermt 2023-04-02

Hakuna. Mwakilishi akaanza kuonekana kama mtu aliyesema uongo, na wengine walianza kumwangalia hivyo. Kumbe kosa lilikuwa la saa. Binti yetu aliandika neno moja tu, date, na mashine ikajibu saa ya sasa ikiwa na herufi UTC. Maana yake ilikuwa inafuata saa ya Greenwich, Uingereza, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Siku zote tulikuwa tukiona saa ya pembeni imechelewa, tukizoea kusema saa ya ofisini imelala. Kwa sisi ilikuwa saa saba na nusu usiku wa tarehe 1 Aprili. Kwa mashine ilikuwa bado saa nne na nusu usiku, tarehe 31 Machi. Tena yenyewe haisemi saa nne, inasema 22:30, maana huanza kuhesabu saa sita usiku na si jua linapochomoza. Mtu anayesoma majibu ya mashine kwa saa za Kiswahili atoe au aongeze sita mpaka zikubaliane, halafu ndipo aangalie kama kuna tofauti nyingine ya tatu.

Tukapanua siku moja kurudi nyuma, 2023-03-31 mpaka 2023-04-02. Ukatoka mstari mmoja:

/home/tawi/Downloads/Untitled 1.ods

Hiyo ndiyo iliyokuwa orodha. Mwenzetu aliichapa kwa haraka, hakuipa jina, ikahifadhiwa na jina ambalo programu hutoa yenyewe kwa Kiingereza, tena katika folda ambayo hakuna aliyeifikiria. Tungetafuta kwa jina mpaka leo tusingeipata. Tarehe ndiyo iliyoitoa. Yafaa basi kila mtu akitafuta usiku au karibu na mwisho wa mwezi aongeze siku moja kila upande, kisha aichambue orodha kwa macho.

Kabla ya kuigusa tuliandika stat, na mbele yake jina la faili kati ya alama za kunukuu kwa sababu lina nafasi ndani. Amri hiyo huonyesha tarehe zote za faili moja, mpaka sekunde, na mwishoni huonyesha saa inafuata nchi gani: +0000 ni Greenwich, +0300 ni kwetu. Tarehe ya kuandikwa ilisema 2023-03-31, 22:34. Tukaipiga picha kwa simu, skrini nzima. Kisha tukanakili faili kwa cp -p, na yule tuliyemfungua kusoma alikuwa nakala. Herufi p ni ya lazima. Ukiandika cp peke yake, nakala hupewa tarehe ya leo kama mtoto mchanga, na ikiwa ndiyo utakayoipeleka wilayani umerudi pale pale tulipokuwa. Kufungua faili na kusoma tu hakubadilishi tarehe ya kuandikwa. Kuhifadhi ndiko kunakobadilisha. Lakini mkono una mazoea, kwa hiyo fungueni nakala.

Matawi mengine yana shida tuliyoikuta tulipowatembelea wenzetu wa mashamba ya juu, ambako umeme hukatika mara kwa mara. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya mviringo ya kuendesha saa wakati mashine imezimwa. Betri ikifa, kila umeme ukikatika saa hurudi mwanzo, na pasipo intaneti ya kuirekebisha, barua ya juzi inaweza kuandikwa tarehe ya miaka mingi iliyopita, hata kabla chama hakijafika pale. Faili za namna hiyo hazitaonekana mkitafuta kwa mwezi wake wa kweli. Watafuteni kwa kuuliza yasiyowezekana:

find ~ -type f -iname '*.ods' ! -newermt 2010-01-01

Ikiwa tawi lilipata kompyuta baada ya hapo, kila jedwali litakalotoka ni kazi ya betri mbovu, au ni faili iliyokuja na tarehe yake kutoka kwingine. Vilevile flashi. Flashi nyingi ndogo zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao huandika saa bila kusema ni saa ya nchi gani. Ikitoka kwenye mashine yenye saa yetu kwenda kwenye yenye saa ya Greenwich, tarehe ya karibu na saa sita usiku yaweza kusomeka vingine. Si wizi, ni mtindo wake.

Wenye mashine za Windows nao wana dirisha lao la amri, liitwalo cmd. Wakiandika dir /s /tw /od watapata faili zilizopangwa kwa tarehe ya kuandikwa, za zamani kwanza, folda kwa folda. Ipo pia forfiles /s /d -30, lakini hapo kistari kina maana ya kinyume na find: huleta zilizoandikwa siku 30 zilizopita au kabla yake. Aliyejifunza upande mmoja akienda mwingine atapata kinyume. Na katika Windows, faili iliyonakiliwa hubaki na tarehe yake ya kuandikwa ila hupewa tarehe mpya ya kuzaliwa, ndipo mtu huona faili iliyozaliwa baada ya kuandikwa akadhani ni uchawi. Ni nakala tu. Mwajiri akiwaletea faili kama hiyo msikimbilie kusema ameghushi.

Onyo moja. Amri ya find ina neno -delete, nalo hufuta kila kilichopatikana bila kuuliza, na halipiti kwenye pipa la taka. Likiandikwa mahali pasipo pake, kabla ya tarehe, hufuta folda nzima kabla hata ya kuangalia tarehe. Msilitumie katika kumbukumbu za chama, hata kama ni kwa kusafisha.

Wako watakaouliza: je, tarehe haiwezi kubadilishwa kwa makusudi? Inaweza. Ipo amri iitwayo touch ambayo huipa faili tarehe yoyote ya kuandikwa unayotaka. Hutokea tu kwamba ile tarehe ya tatu, ya kubadilika kwa hali, huandika siku touch ilipotumika, na mtu anayejua kusoma stat ataiona. Akiirudisha nyuma saa ya mashine nzima hata hilo linafichika. Hatukulificha jambo hili mbele ya afisa, kwa sababu upande wa mwajiri walikuja na mtaalamu wao na angelisema yeye. Tulilisema wenyewe, kisha tukaweka mezani daftari la zamu la Machi 2023, lenye sahihi ya msimamizi kila usiku. Majina 19 katika daftari, majina 19 katika faili, na saa zao zile zile. Mtaalamu aliangalia stat kwa muda, akauliza maswali mawili juu ya saa ya Greenwich, akakaa.

Wenzetu walilipwa saa za ziada za Machi. Za Aprili na Mei hawakulipwa. Daftari la zamu la miezi ile lilikuwa limechukuliwa na ofisi ya kiwanda na halikuonekana, na faili zetu zilikuwa na tarehe ya Septemba, jioni tuliyobonyeza ndiyo. Tulijaribu kueleza, lakini maelezo yetu yalikuwa sawasawa kabisa na ambayo angeyatoa mtu aliyetunga orodha.

Tangu hapo orodha ya kila mwezi huchapishwa kwenye karatasi siku ile ile, ikatiwa sahihi na mwakilishi wa zamu na shahidi mmoja, na nakala hutumwa kwa barua pepe makao makuu, ambako huandikwa tarehe na mashine isiyo yetu. Saa ya kompyuta ya tawi tumeiweka ya Afrika Mashariki. Betri yake nayo tumeibadilisha. Kwa mashine nyingi za mezani ni ile iliyoandikwa CR2032, na mafundi wa saa huwa nayo.